Kuku wa Nje Haingii

4 Februari 1988

Mwanangu Kichuguu,

Nilifika salama, ila mgongo unanidai. Dereva wa lori la unga ni mtu mwema lakini anaendesha kama ameiba hilo lori. Amekubali kutubebea barua kila akipita, kwa hiyo usiniletee visingizio vya posta.

Binti yangu, dada yako, nimemkuta amelala chali kama daktari alivyoamuru, na atalala hivyohivyo mpaka mtoto atimie. Mumewe anazunguka nyumba nzima akiuliza asaidie nini, nikampa vitunguu amenye. Baada ya mimba mbili kuharibika, hii ya tatu hatuisemi kwa sauti. Nawe usiiseme huko dukani kwenu.

Sasa kuku. Nimekuachia nyumba, lakini nyumba haiwezi kufa. Kuku wanaweza. Geti la uani lifungwe muda wote. Viatu vya kazini viishie getini, uani uvae vile vya plastiki. Maranda ya bandani yabadilishwe kabla hayajanuka. Ukisikia harufu umeshachelewa. Majivu kwenye lile shimo lao la kuogea yasipungue, la sivyo utitiri utawala mpaka na wewe. Kuku akijikunyata peke yake, mtenge siku hiyohiyo hata kama unampenda.

Chupa ya chanjo ya kideri iko ndani ya mtungi wa maji, nimeifunga kitambaa. Imebaki zaidi ya nusu. Mwisho wa mwezi mpe kila mmoja tone moja jichoni. Usinunue nyingine. Chupa moja ni ya kuku mia mbili na sisi tunao ishirini na kitu. Kumwaga dawa ni dhambi.

Na kubwa kuliko yote, kuku wa nje haingii. Hata kifaranga. Hata wa mjumbe. Msalimie baba yako, mwambie anywe ile dawa ya kikohozi aache kuitazama.

Shangazi yako


27 Februari 1988

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Dereva aliniletea barua mpaka kazini, akasimama mlangoni na kuuliza mbele ya wateja, "Kichuguu ni nani hapa?" Sasa duka zima la ushonaji linaniita hivyo, hata Fundi Mkuu. Nashukuru sana. Baba anakusalimu. Kikohozi kimempungua, maneno bado.

Kuku wako ni wazima. Kila ulichoagiza nimekifanya. Tone la jicho wamepata wote. Jogoo wako alinipiga teke la mkono, nikampa tone la pili kwa hasira. Mimi siku hizi namwita Diwani, kwa sababu anapiga kelele asubuhi hadi jioni na kazi yake haionekani.

Na hapo ndipo penye tatizo, Shangazi. Bibi Kizee ameatamia mayai kumi na moja, ameangua mawili. Kifaranga mmoja ana miguu iliyopinda, hasimami. Tetea mwekundu naye mwaka jana ilikuwa hivyohivyo, ukasema ni radi. Mwaka huu radi haijapiga. Nilikaa nikafikiri, Diwani ni mtoto wa nani? Baba yake ni yule jogoo mweusi tuliyemla zamani. Yule mweusi mama yake ni Bibi Kizee. Na Diwani mama yake ni Bibi Kizee huyohuyo. Nikifika hapo kichwa kinaniuma. Tusitafute jogoo mwingine?

Dada anaendeleaje? Mwambie namshonea kitu kidogo, sisemi ni nini.

Kichuguu wako (mjini sasa ni jina rasmi)


16 Machi 1988

Hapana.

Nimetanguliza jibu ili usilitafute. Marahaba. Tunamshukuru Mungu tumeamka.

Wewe ulikuwa shuleni, hukuona. Baba yako aliniletea jogoo wa zawadi, mwekundu, mkia unafagia chini. Nilifurahi nikamfungulia banda siku ileile. Hata wiki mbili hazikupita, nikatoka asubuhi nikakuta uani kimya. Kuku wamelala shingo zimepinda, wengine wanazunguka palepale mpaka wanaanguka. Nilichimba shimo peke yangu, nikafukia kuku wote niliowalea tangu siku niliyoacha kupika shule ya bweni. Alibaki Bibi Kizee, akiwa temba hata yai hajataga, na jogoo mmoja mdogo mwenye makengeza. Hawa unaowaona leo wote wametoka kwa hao wawili. Baba yako hadi kesho anasema ulikuwa upepo mbaya.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi nasema hata kamba tusihangaike nayo, asije kabisa. Miaka saba sijapoteza kuku kwa kideri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe miguu yako ni mifupi, huna ya kuvunja.

Dada yako yupo.

Shangazi yako


11 Aprili 1988

Shangazi,

Shikamoo. "Dada yako yupo." Umeandika kama unaniambia habari za kabati. Anakula? Anacheka? Mwezi wa sita sasa umeingia au bado? Niandikie vizuri, mimi si mtu baki.

Baba amesoma sehemu ya upepo mbaya. Amenuna. Ila amekunywa dawa, nadhani kwa hasira.

Juzi bwana mifugo alileta suruali ipunguzwe miguu, na wakati nampima nikamuuliza kuhusu chupa yetu ya mtungini. Nilidhani atacheka. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Anasema ile chanjo ni kitu hai. Ikishachanganywa ni ya siku ileile, na kesho yake ni maji matupu hata ukiitia kwenye mtungi wa dhahabu. Kwa hiyo miaka saba, Shangazi, tumekuwa tukiwaosha kuku macho. Kilichowaokoa ni geti lako tu. Siku kideri kikiruka geti, hakuna hata mmoja mwenye kinga.

Nikamweleza na habari za mayai. Akasema nivunje yale mabovu nitazame. Nimeyavunja yote tisa jana uani. Si mayai yaliyokosa mbegu. Vifaranga walikuwa wamekamilika, manyoya, mdomo, kucha, kila kitu, wamefia ndani ya yai wamebakiza siku chache watoke. Anasema ndivyo inavyokuwa damu moja ikijirudia. Uzazi unachoka, mama anaatamia bure. Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, nikacheka peke yangu pale uani na maganda mkononi. Lakini si jambo la kucheka. Tukiendelea na Diwani, baada ya mwaka mmoja au miwili hutakuwa na kifaranga hata wa dawa.

Kuna jambo jingine. Nitakuambia likiiva.

Kichuguu


8 Mei 1988

Shangazi,

Shikamoo. Lori limepita mara tatu halina kitu changu. Dereva anaapa barua alikupa mkononi, umekaa kwenye benchi, ukaipokea bila kumsalimia. Wewe, usisalimie mtu!

Kama umekasirikia habari ya chupa, nisamehe. Sikuwa na nia ya kukuumbua. Hakuna aliyekwambia, ungejuaje? Nitukane basi nijue tumemalizana. Na unipe habari za dada.

Kichuguu


19 Mei 1988

Barua zako nimezipata.

Sote tupo. Kazi za huku ni nyingi.

Usiniandikie tena habari za mayai. Funga geti.

Shangazi yako


3 Juni 1988

Shangazi,

Shikamoo, na leo sitanyamaza, maana nikinyamaza na wewe umenyamaza nani atasema?

La kwanza. Kideri kimeingia mtaani. Fundi viatu wa nyumba ya nne amepoteza kuku wote kwa siku tatu. Nimewaona kwa macho yangu kwenye uzio wake, kinyesi kijani, mbawa zinaburuta. Jana kuna mwingine ng'ambo ya barabara.

La pili. Kuku wako wamechanjwa, chanjo ya kweli. Jumamosi iliyopita niliwakusanya majirani watano tukachukua chupa moja, ili isimwagwe na iishe siku ileile. Kuku hawakukutanishwa. Kila mtu alibaki kwake, bwana mifugo akapita na sanduku lake la barafu, akaanza na uani kwako, akanawa na kubadilisha viatu kila geti. Fundi viatu tulimwita. Alisema kuku wake ni wa kienyeji, hawaugui. Lakini bwana mifugo anasema mwili unahitaji kama wiki mbili kuikamata hiyo kinga. Ugonjwa umekuja hata wiki moja haijaisha. Kwa hiyo nangoja. Kila nikirudi kazini nasimama getini kwanza nisikilize kama kuna sauti. Usiku silali vizuri.

La tatu ndilo lile lililokuwa linaiva. Nimenunua jogoo.

Usirarue barua, soma. Nilimtoa kwa mama mmoja anayefuga mwisho kabisa wa mji, kuku wake wanachanjwa na wanaangua. Hajakanyaga kwako. Yuko stoo ya nyuma ya duka letu, kati ya mabunda ya vitambaa, kwenye tenga alilonipa Fundi Mkuu. Atakaa hapo mwezi mzima mbali na kuku wengine, nimwangalie macho, pua, kinyesi, ndipo tujadili. Nikitoka kwake nanawa, nabadilisha nguo palepale. Dukani wanamwita Mteja, kwa sababu ameingia, halipi, na hatoki. Anawika kila mtu akiuliza bei. Yuko wiki ya tatu na ni mzima kabisa, bwana mifugo kamkagua.

Nilikuficha kwa kuwa nilijua utasema hapana. Wewe nawe unanificha, na mimi sijui ni nini. Nimekosa nini, Shangazi? Dada yuko wapi kwenye barua zako?

Niambie nifanye nini.

Kichuguu


7 Juni 1988

Kichuguu,

Umeuliza, nitakujibu mara moja tu.

Mtoto hatukumpata. Ilikuwa katikati ya Aprili. Alikuwa wa kike, amekamilika, hana kasoro, kimya. Dada yako alikuwa amepewa dawa ya usingizi. Mumewe na mimi tulimzika kabla hajaamka vizuri, tukidhani tunampunguzia. Barua yako ya mayai niliipokea nje ya wodi, nimekaa kwenye benchi, maji ya kumwosha hayajakauka mikononi. Nikasoma mpaka pale ulipovunja yai. Nikasoma kwamba ulicheka. Najua hukujua. Najua, mwanangu. Lakini tangu siku hiyo kila nikishika kalamu kukuandikia, nauona ule mstari, na kalamu naiweka chini.

Dada yako amegeukia ukuta. Ukimwuliza kitu anatikisa kichwa. Anakula vijiko viwili ili tumwache. Basi hizo ndizo habari zake. Sikuzitaja kwa sababu kuzitaja ni kuzikubali.

Sasa huyo jogoo. Ugonjwa umefika mtaani na wewe una kuku wa nje unayemshika kila siku kisha unarudi kwangu. Unanawa! Hata mimi ninajua kunawa. Nimezika vya kutosha mwaka huu, sitazika tena. Mchinje siku utakayopata barua hii. Msimle. Mfukie, mwagia majivu, na hilo tenga lichomwe. Sitaki mjadala, wala bwana mifugo asiniletee elimu.

Shangazi yako


8 Juni 1988

Kichuguu, mwanangu,

Lori liliondoka jana na barua yangu na leo ninatamani lingeharibika njiani. Hii nampa dereva mwingine, huyu hana haraka, Mungu amharakishe.

Usimchinje jogoo.

Barua yako niliisahau mezani. Asubuhi nimeingia na chai, nimemkuta dada yako ameishika, ameisoma yote, kideri, majirani, stoo. Akanitazama usoni. Akaniuliza, "Huyo Mteja bado anawika?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu Aprili. Nilisimama na kikombe sijui nikiweke wapi. Nikamwambia anawika. Nikamwambia wewe unamtunza vizuri. Akasema, "Nguo nazo zitanuka kuku," akarudi kulala, lakini hakugeukia ukuta.

Kama hujamgusa, muache. Hapa siamrishi, ninaomba. Sijui kama niko sahihi kuhusu kuku tena. Najua kwamba ameuliza.

Shangazi yako


15 Juni 1988

Shangazi,

Shikamoo.

Barua ya kwanza ilifika Ijumaa saa za kazi. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye meza ya kukatia. Nilipofika kwenye benchi, nje ya wodi, nilitaka ardhi inimeze. Fundi Mkuu akaniuliza nani kafa, nikakunja barua nikaitia mfukoni. Kile kitu kidogo nilichokuwa nashona, sijui nikiweke wapi hata leo.

Ningeweza kukubishia kuhusu jogoo. Mwenyewe unajua sikosi la kusema. Alikuwa mzima, alikula mkononi kwangu asubuhi ileile. Lakini baada ya kusoma kwamba ulinisikia nikicheka siku ile, mdomo wa kubishana niliutoa wapi? Nikasema kwa mara ya kwanza maishani mwangu nitii. Nilimchinja mwenyewe nyuma ya duka. Hakuhangaika, alikuwa amenizoea. Nikamfukia, nikamwaga majivu, tenga nikalichoma. Jumatatu mteja mmoja akauliza jogoo yuko wapi, watu wote wakainamia cherehani zao.

Nyumbani, Shangazi, kideri kilifika. Geti lilikuwa limefungwa, sijui kilipita wapi, labda ndege, labda upepo wa baba. Temba wawili walikufa Jumapili. Diwani alikufa jana asubuhi, shingo imepinda, bado anajaribu kuwika. Waliobaki wote wamesimama, wanakula. Bibi Kizee ametaga. Bwana mifugo anasema chanjo imewahi kwa hao, na hatari kubwa imepita.

Kwa hiyo una matetea kumi na tisa wazima, na uani mzima hakuna jogoo. Yule mgonjwa amekufa, na yule mzima nimemuua. Barua yako ya pili imefika jana jioni. Nilisikia la mkuu, na guu limevunjika vilevile.

Usimwambie dada kuwa anawika. Umeanza kumwambia, najua kwa nini, hata mimi ningesema. Lakini siku atakapokuja na kuuliza jogoo yuko wapi, tutamwonyesha nini? Mwambie. Mwambie ni mimi niliyeshika kisu. Akinichukia nitavumilia. Na mwambie kuhusu ile barua ya Aprili, naomba msamaha, sina namna nyingine ya kuusema.

Kichuguu


22 Juni 1988

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Kwanza nikuondoe kwenye mzigo usio wako. Kisu ulishika wewe, lakini aliyechinja ni mimi. Ile chupa ya mtungini itupe. Ukishaitupa, tusiizungumze.

Nilikaa na barua yako siku nzima. Nilipanga kumwambia jogoo ametoroka. Nikapanga kumwambia ameuzwa kwa mtu mwenye shamba kubwa. Jioni nikaenda nikakaa kitandani kwake nikamsomea barua yote, neno kwa neno, mpaka kwenye kisu.

Kichuguu, alikasirika.

Sijui nikuelezeje. Aliketi. Shuka likaanguka. Akasema, "Mmeua jogoo mzima kwa sababu ya woga wenu? Nyie mna akili?" Nikafungua mdomo, akaninyamazisha kwa kidole, mimi, mama yake. Akasema, "Na wewe ulinitazama machoni ukaniambia anawika." Nikasema nilitaka upate nafuu. Akasema, "Mtoto wangu mlimzika bila kuningoja. Mkasema nipate nafuu. Jina nilikuwa nalo, Mama. Nilikuwa nalo tangu mwezi wa pili, hakuna aliyeniuliza. Kuanzia leo msinifanyie jambo nikiwa nimelala."

Kisha akaniambia hilo jina. Tulilia mpaka mumewe akaja na kitambaa cha vyombo, hakupata kingine. Naye akaambiwa lake. Alitukanwa hata yeye, kwa vitunguu. Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo tangu nizaliwe.

Alipomaliza akasema ana njaa. Akala sahani nzima, ameketi, amenuna.

Wewe hajakuchukia. Anasema ulikuwa mtu pekee aliyeandika kitu cha kweli mwaka mzima, ila una mdomo mchafu na atakutafuta. Tunakuja Jumamosi na lori, daktari amekubali. Safisha ile stoo yetu ya kuni iliyo mbali na banda, weka maranda mapya. Jogoo atakaa humo mwezi mzima kama ulivyokuwa unafanya, na atachanjwa pamoja na kuku wa majirani, na mimi nitafunga mdomo. Lakini usimnunue sasa hivi, hata ukimwona mzuri namna gani. Dada yako anasema atakwenda kwa yule mama mwisho wa mji kumchagua mwenyewe. Anamtaka mweusi. Mumewe amesema wekundu ndio wazuri, akaambiwa hakuna aliyemuuliza.

Shangazi yako